Karatasi Tatu Katika Sanduku la Marehemu



Ndugu wasomaji, miongoni mwa kazi za kamati ya msikiti iko moja isiyoandikwa katika katiba yoyote, nayo ni kuitwa kushuhudia sanduku la marehemu linapofunguliwa. Hatuitwi kwa wingi wa elimu yetu. Watoto wa marehemu wanapoanza kutazamana kwa mashaka hutafutwa mtu wa kando mwenye kalamu na daftari, na katibu huwa anavyo vyote viwili. Ndivyo tulivyoitwa Nyasho, hapa Musoma, siku moja ya mwaka jana baada ya Swala ya Alasiri.

Marehemu, Allah amrehemu, alikuwa mzee aliyevuka miaka themanini. Ujana wake aliutumia kuwa karani katika duka la mfanyabiashara mmoja wa Kihindi pale Mwigobero, karibu na bandari. Baadaye akahamia Bunda kulima pamba, na uzee ukamrudisha mjini. Ameacha mjane mmoja, watoto wa kiume wawili na wa kike watatu. Nyumba na shamba vilijulikana na kila mtu. Kilichokuwa hakijulikani ni sanduku la bati lililokaa chini ya kitanda chake, ambalo ufunguo wake aliufunga kwenye kamba ya tasbihi.

Tulikuta kanzu mbili, kadi ya kliniki, stakabadhi za kodi za miaka iliyopita, picha za harusi, na bahasha ya kaki yenye karatasi tatu. Ya kwanza ilikuwa nzuri kupita kiasi: karatasi nene ya kampuni ya kuchimba dhahabu ya miaka ya 1930, ina mapambo ya mistari ya kijani pembezoni, muhuri wa kubonyea, sahihi mbili za wino na idadi ya hisa iliyoandikwa kwa mkono. Ya pili ilikuwa kadi ya rangi ya udongo iliyoonyesha hisa za mwanachama katika chama cha msingi cha wakulima wa pamba, Bunda. Ya tatu ilikuwa kipande cha karatasi ya kompyuta, kimekunjwa mara nne, wino umefifia, na mjukuu mmoja alikwisha kuchora samaki nyuma yake.

Pale barazani alikuwepo pia kijana mmoja wa mjini, amekaribishwa na mtoto mkubwa wa marehemu. Kijana huyu hukusanya vitu vya kale: sarafu zenye tundu za enzi za Mwingereza, noti za zamani, stempu na vitambulisho. Aliitazama karatasi ya kwanza kwa muda mrefu, akaigeuza, akainusa, kisha akasema angetoa shilingi 60,000 kwa hiyo na ile kadi ya pamba. Ya tatu hakuitaka. Mtoto mkubwa alikuwa amekwisha kukubali, mkono uko njiani kupokea fedha. Tukaomba wasubiri hadi Isha.

Tuseme haki kwamba kijana yule hakuwa tapeli. Tulipomuuliza kwa nini mtu mwenye akili timamu atoe fedha kununua hati ya kampuni iliyokufa kabla hajazaliwa, hakukasirika. Alitoa simu yake akatuonyesha picha ya karatasi ya Marekani iliyofanana sana na ile ya sandukuni, ila katikati yake palichorwa wanaume wenye kofia ndogo na rungu. Akatufundisha jambo ambalo kwa kweli hatukuwahi kulisikia katika chuo chochote tulichosoma.

Wamarekani wana mchezo uitwao besiboli, ambao mmoja hutupa mpira na mwingine huupiga kwa rungu kisha akakimbia kuzunguka vituo vinne. Sisi hatujauona uwanjani, na picha zake hazikutusaidia sana kuuelewa. Mwanzoni waliucheza kwa kujifurahisha, hadi mwaka 1869 timu ya mji wa Cincinnati ilipotangaza wazi kwamba wachezaji wake wote wanalipwa mshahara. Mshahara unahitaji mtaji. Klabu zikafanya kama zinavyofanya kampuni nyingine zote: zikachapisha hati za hisa, zikawauzia wenye maduka, wenye hoteli na wenye viwanda vya mjini kwao. Mwaka 1871 ikaundwa ligi ya kwanza ya kulipwa, ambayo ada ya kuingia ilikuwa dola 10 tu, na kwa wepesi huo klabu ziliingia na kufa, nyingine kabla msimu haujaisha. Ligi hiyo ilidumu hadi 1875. Mwaka uliofuata ikazaliwa nyingine, iliyoendelea kuishi mpaka leo.

Hati za klabu hizo ndizo watu huzitafuta sasa kwa udi na uvumba. Na sababu ya uhaba wake inafaa kufahamika, kwa kuwa ndiyo inayoeleza pia karatasi za kwetu. Hisa ikiuzwa, hati ya zamani hurudishwa kwa kampuni, hutobolewa au hupigwa mhuri wa kufutwa, kisha hubandikwa kwenye kishina chake, na mnunuzi huandikiwa hati mpya. Kwa hiyo hati ya kampuni iliyo hai haikai mitaani. Na hati ya kampuni iliyokufa hutupwa, kwa kuwa nani ahifadhi karatasi ya deni lisilolipika? Zinazobaki ni zile zilizosahauliwa katikati: kwenye vitabu vya kampuni iliyofungwa ghafla, kwenye madawati ya mawakili, kwenye masanduku kama lile la Nyasho. Mkusanyaji hutazama kwanza jina la klabu na mwaka, halafu hutazama sahihi. Albert Spalding alikuwa mtupa mpira hodari wa Boston na Chicago kabla hajawa rais wa klabu ya Chicago na mfanyabiashara wa vifaa vya michezo. Hati yenye mkono wake itashindaniwa mnadani kuliko hati kumi zenye sahihi za watu wasiojulikana, ijapokuwa hisa zake zote hazinunui leo hata kikombe cha kahawa.

Iko namna nyingine iliyotuchekesha. Katika mji wa Green Bay, ambao hauizidi Musoma kwa idadi ya watu, timu ya mpira wa Kimarekani imemilikiwa na wananchi tangu mwaka 1923. Wameuza hisa mara sita, ya mwisho ikianza mwaka 2021 kwa dola 300 kila moja. Hisa hizo hazina gawio, hazipandi bei, wala huwezi kuziuza sokoni. Mtu anaweza tu kumwachia jamaa yake. Wenye nazo huziweka kwenye fremu sebuleni. Mjane wa marehemu, aliyekuwa akisikiliza kutoka ndani, aliuliza kwa sauti: "Sasa hiyo ni hisa au ni mchango?" Hatukuwa na jibu zuri kuliko swali lake.

Huku kwetu klabu kubwa hazikuzaliwa kwa hati za hisa. Yanga ya mwaka 1935 na Simba ya mwaka 1936, ambayo wazee waliijua kwa jina la Sunderland hadi mwaka 1971, zilijengwa juu ya kadi za uanachama. Kijana yule anayo kadi moja ya Sunderland, na alituambia hataiuza hata akilala njaa. Habari za hisa zimekuja juzi: mwishoni mwa 2017 wanachama wa Simba waliridhia mfumo wa kampuni, Mohammed Dewji hatimaye akipewa asilimia 49 kwa ahadi ya shilingi bilioni 20 na wanachama wakibaki na 51. Yanga nao wakaifuata njia hiyo ya 51 kwa 49. Na timu yetu ya Biashara United, iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2018 na kuufanya uwanja wa Karume hapa Musoma ujae, itakumbukwa kwa Oktoba 2021, ilipowafunga Al Ahli Tripoli mabao 2-0 Dar es Salaam kisha ikashindwa kusafiri kwenda Libya kwa mchezo wa marudiano. Msimu huohuo ikashuka daraja. Hakuna karatasi ya hisa ya Biashara katika sanduku lolote tulilowahi kufungua, lakini jezi zake tumezikuta mara nyingi.

Turudi kwenye hati zenyewe, kwani Afrika Mashariki si ngeni kwazo; mgeni ni Mwafrika aliyekuwa akiandikwa ndani yake bila kuulizwa. Nchi hii yenyewe iliwahi kuwa mali ya kampuni. Carl Peters alipokusanya misalaba ya machifu mwaka 1884, kilichofuata ni Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, na wenye hisa zake walikuwa mabwana wa Berlin ambao wengi wao hawakuwahi kuiona Bagamoyo. Waingereza nao walikuwa na kampuni yao yenye hati ya kifalme ya mwaka 1888, iliyotawala kutoka Mombasa. Reli ya kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilijengwa na kampuni iliyouza karatasi za marki mia mia kwa raia wa kawaida wa Ujerumani. Karatasi hizo zipo sokoni hadi leo, ndizo wakusanyaji wanaoanza huzipata kwa urahisi. Tunapoziona zilivyopambwa, tunakiri uzuri wa mchoro, na tunakumbuka pia nani alibeba mataruma.

Mkoani kwetu dhahabu ilichimbwa Buhemba na Kiabakari tangu enzi za Mwingereza, na ndiyo maana ile hati ya kijani haikutushangaza kuikuta Musoma. Tulichoshangaa ni jina. Halikuwa la marehemu. Lilikuwa la yule mfanyabiashara wa Mwigobero.

Kabla ya kulieleza hilo, yafaa tupite Butiama, mwendo mfupi kutoka hapa, kwa sababu bila Butiama mtu hawezi kuelewa kwa nini masanduku ya wazee wetu yana karatasi chache za hisa. Mwalimu Nyerere alizaliwa pale mwaka 1922 na amezikwa palepale, Mwitongo, mwaka 1999. Azimio la Arusha, lililotangazwa Februari 5, 1967, lilimkataza kiongozi wa TANU au wa Serikali kuwa na hisa katika kampuni yoyote, kuwa mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, kupokea mishahara miwili au kupangisha nyumba. Na halikuishia kwa mume: mke naye alihesabiwa ndani yake, hivyo haikuwezekana kuzificha hisa kwa jina la mama watoto. Siku iliyofuata benki zikataifishwa. Zikafuata kampuni za kusaga nafaka, za biashara ya nje na sehemu ya viwanda. Hati nyingi zilizokuwa na thamani Januari zilikuwa madai ya fidia ilipofika Machi.

Tumewapeleka watoto wa madrasa katika makumbusho ya Butiama mara mbili. Huwa wanavutiwa na zawadi alizopewa Mwalimu na marais wenzake. Sisi huwaambia wafikirie kitu ambacho hakimo katika makabati yale. Mtu aliyeongoza nchi kwa zaidi ya miaka ishirini hakuacha bahasha ya hisa ya kugombaniwa. Anayekubaliana na siasa yake na asiyekubaliana nayo, wote wawili wanaweza kulitafakari hilo.

Masharti yale yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991. Soko la Hisa la Dar es Salaam likasajiliwa 1996, na Aprili 1998 likafungua biashara kwa kampuni ya kwanza, ile ya oksijeni. Kuanzia hapo mtumishi, mkulima au mwenye duka aliweza kununua hisa kidogo kidogo kwa wakala. Ila soko hili lilizaliwa katika zama za kompyuta. Mnunuzi hakupewa hati yenye mapambo. Hisa zake ziliandikwa katika kumbukumbu za amana kuu ya soko, na yeye akapewa stakabadhi yenye jina, namba ya akaunti na idadi.

Msomaji makini amekwisha kutambua tunakoelekea. Baada ya Isha tuliinyoosha ile karatasi ya tatu mezani, chini ya taa, samaki wa mjukuu akiwa upande wa chini. Juu yake palikuwa na jina kamili la marehemu, namba ya akaunti, jina la kampuni, na tarakimu: 640. Kampuni ile hatuitaji kwa kuwa mirathi haijakamilika, ila iko hai, inafanya biashara ya halali, na imekuwa ikitoa gawio. Karatasi nzuri iliyokuwa ikishindaniwa ilikuwa ya kampuni iliyokufa, na karatasi mbaya iliyochorwa samaki ndiyo iliyokuwa mali.

Sheikh wetu alipiga hesabu papo hapo kwa kalamu yetu. Mjane, kwa kuwa marehemu ameacha watoto, ana thumni: hisa 80. Zinabaki 560, kila wa kiume akipata mara mbili ya wa kike, yaani mafungu saba ya hisa 80. Watoto wa kiume 160 kila mmoja, wa kike 80 kila mmoja. Haikubaki hata robo. Sheikh alisema katika miaka yake ya kugawa mirathi ni mara chache hesabu imemtii namna ile. Bila shaka hayo ni baada ya madeni na wasia. Marehemu alidaiwa fedha za dawa, na zililipwa kwanza.

Mtoto mkubwa alinyamaza. Baadaye alitwambia kwamba wiki moja kabla, alikuwa ameamuru takataka zote za chumba cha baba zichomwe, na aliyechelewesha kuzichoma ni mama yake wa kambo, kwa kuwa mjukuu alikuwa akitafuta karatasi za kuchorea.

Ipo hatua moja ambayo familia nyingi hukwama. Stakabadhi peke yake haihamishi hisa. Warithi walipaswa kukaa kikao cha ukoo, kuandika muhtasari, kupata cheti cha kifo, na kufungua shauri katika Mahakama ya Mwanzo ili ateuliwe msimamizi wa mirathi. Msimamizi akishateuliwa ndipo wakala wa soko la hisa humsikiliza, na ndipo gawio lililolala linaweza kuulizwa. Familia hii ilimchagua binti wa pili, mwalimu wa shule ya msingi Bunda, jambo lililowashangaza baadhi ya wazee. Tulimuunga mkono. Alikuwa mtu pekee nyumbani mle aliyeweza kusema kila mmoja anadai nini bila kuinua sauti. Safari zake kati ya Bunda na Musoma tumezihesabu, zimefika tisa, na bado.

Tumeulizwa pia, na watu watatu tofauti tangu habari hii ienee, kuhusu hisa za kampuni za bia ambazo wazee wao walinunua wakati wa ubinafsishaji bila kuuliza. Majmaa ya Fiqhi ya Kimataifa, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1992, ilieleza kwamba kushiriki katika kampuni yenye kazi ya halali kunajuzu, na kwamba kampuni ambayo kazi yake ya msingi ni haramu haijuzu kuwa na hisa ndani yake. Namna ya kuzitoa mikononi mwa warithi, na nini kifanyike kwa fedha zake, ni suala la kumuuliza mwanachuoni ana kwa ana. Hatutaki mtu aitupe stakabadhi jalalani akidhani ameitakasa mali. Hisa itabaki ileile katika vitabu, kwa jina la baba yake.

Sasa ile kadi ya pamba. Hapa tunaomba ruhusa ya kukaa kidogo, maana ni historia ya nyumba nyingi za Bunda. Wakulima wa kanda ya ziwa walichoshwa na mizani ya wanunuzi, wakaanza kuweka watu wao wa kuhakiki uzito, na kutokana na hayo vikaota vyama vya msingi. Mwaka 1955 vyama hivyo vikaunganishwa Mwanza katika Victoria Federation of Co-operative Unions, chini ya Paul Bomani, aliyezaliwa huku kwetu Mara na baadaye kuwa waziri wa fedha. Mkulima alikatwa senti katika kila ratili ya pamba, na makato hayo yakanunua jineri za kuchambulia pamba zilizokuwa za watu wengine. Kwa lugha ya leo, walinunua viwanda kwa senti zao. Chama cha wakulima kilikuwa na hisa kabla mjini Dar es Salaam hakujawa na soko lake.

Mei 1976 Serikali ilivifuta vyama vikuu, kazi yao ikakabidhiwa mamlaka za mazao. Sheria ya 1982 ikavirudisha, na kwetu kikaja Chama Kikuu cha Ushirika cha Mara cha mwaka 1984. Katika kufa na kufufuka huko, kadi nyingi zilipoteza mwenyewe wa kuzikubali. Kadi ya marehemu ni ya kabla ya 1976. Kwa fedha, haidai chochote. Binti wa pili alipoipeleka Bunda, mzee mmoja aliyekuwa mpima pamba aliitambua sahihi ya katibu wa chama, akataja jina lake, kijiji chake, na hata tabia yake ya kuandika kwa wino wa zambarau. Warithi walikubaliana kwamba hiyo haiuzwi. Tuliwashauri wasiipeleke kutiwa plastiki, kosa ambalo sisi wenyewe tulilifanya kwa cheti cha ndoa cha babu yetu: plastiki ile ya moto haitoki tena, na wino uliungua ukawa njano. Wasiibandike kwa gundi wala selotepu. Bahasha safi, mahali pakavu mbali na unyevu wa ziwa na mbali na mchwa, na kila mrithi apate picha yake ya simu.

Kuhusu kuuza karatasi za kale kwa ujumla, hatukuona kizuizi muuzaji akisema kweli kwamba anauza kumbukumbu tu, hisa haimo. Kumficha mnunuzi hilo ni ghushi. Na minada ya kwenye simu, ambayo rafiki wa muuzaji hupandisha bei bila nia ya kununua, hiyo ni najshi, iliyokatazwa tangu masoko yalipokuwa ya ngamia. Tena fedha inayopatikana ni ya warithi wote. Aliyelala karibu na sanduku hana fungu la ziada kwa kulala karibu.

Ikabaki ile ya kijani. Kijana alikuwa ameongeza bei hadi 100,000. Sheikh aliuliza swali moja: jina ni la nani? Lilikuwa la mwajiri, aliyeondoka na familia yake mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mjane alikumbuka: siku ya kuondoka, bwana yule alimkabidhi karani wake bahasha akamwambia amtunzie. Alisema amtunzie, hakusema amempa. Basi ile ilikuwa amana, imekaa chini ya kitanda miaka hamsini na zaidi, na aliyewekewa amekufa nayo mkononi. Kijana yule, kwa sifa yake, alipolisikia hilo alirudisha fedha mfukoni mwenyewe, na ndiye aliyetusaidia kutafuta.

Kupitia jamaa zao walioko Mwanza tulipata anwani ya mjukuu, Leicester, Uingereza. Tulimwandikia, tukapiga picha mbele na nyuma. Jibu lilichukua miezi miwili. Ameandika kwa Kiswahili cha nyumbani, chenye makosa machache na adabu nyingi. Anasema kampuni ile babake aliwahi kuiulizia, haipo. Anaomba picha kubwa ya sahihi peke yake, kwa kuwa hawana mwandiko mwingine wa babu. Karatasi yenyewe anataka ikae na mjane kama hedaya yake, afanye anavyopenda, na akitaka kuiuza aiuze.

Mjane hajasema kama ataiuza. Kijana amekuja kuuliza mara moja tu, akapewa chai.

Mwishoni mwa barua, mjukuu yule ameuliza kama mkwaju uliokuwa nyuma ya duka la Mwigobero bado upo, kwani babu yake aliutaja hadi mwisho wa uhai wake. Tulikwenda kutazama Ijumaa baada ya swala. Duka sasa linauza nyavu na maboya. Mwenye duka alitufungulia mlango wa nyuma. Mkwaju upo, umekatwa tawi moja kupisha nyaya za umeme, na chini yake mafundi wawili walikuwa wakishona wavu. Picha tumepiga, barua itaondoka wiki hii, insha Allah.